Lupu ya kwanza ikishindwa: hatua za kufuata kabla ya kuwekewa ya pili

Mwanamke wa Isevya, mjini Tabora, ambaye lupu imemtoka hupata ushauri mwingi kabla hajafika kliniki. Jirani mmoja atamwambia mwili wake umeikataa, asijaribu tena. Mwingine atamwambia aende kesho asubuhi awekewe nyingine, basi. Wote wawili wameruka swali lenyewe: ile ya kwanza ilikwenda wapi, na kwa nini? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama ya pili itakaa au itafuata njia ileile.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyepoteza kitanzi, yaani lupu, uliyeambiwa kimeshuka, au uliyeshika mimba kikiwa ndani, na bado ungependa kuendelea na njia hiyo. Mpe na baba watoto asome, kwa sababu nauli, muda na uamuzi wa siku hizo vinamhusu naye.

Utarajie nini

Kitanzi cha madini ya shaba, kile chenye umbo la T kilichoandikwa T 380A, ni miongoni mwa njia zenye nguvu kuliko zote. Kati ya wanawake 100 wanaokitumia kwa mwaka mmoja, anayeshika mimba hafiki hata mmoja. Kimepangiwa miaka 10, na tafiti zimeonyesha kinaendelea kukinga hadi 12. Nguvu hiyo yote inategemea jambo moja: kiwe juu kabisa ndani ya mji wa mimba.

Katika mwaka wa kwanza, kitanzi hutoka chenyewe kwa wanawake 2 hadi 10 kati ya 100. Wengi hutokwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, na mara nyingi wakati wa hedhi. Kwa yule ambaye kimeshamtoka mara moja hesabu inabadilika. Makadirio yanayotajwa katika mafunzo ya uzazi wa mpango ni kwamba takriban mmoja kati ya watatu hutokwa tena. Utafiti mkubwa uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta pia kwamba waliowahi kutokwa na kitanzi walikuwa na uwezekano wa takriban mara tatu zaidi wa kushika mimba wakiwa na kitanzi.

Kwa hiyo muuguzi akikwambia "kitakaa tu, usijali", muulize zaidi. Na shoga yako akikwambia hakikai kamwe, mjibu kwamba wawili kati ya watatu hubaki nacho. Hao wawili wanaweza kuongezeka iwapo sababu ya kwanza itatafutwa na kurekebishwa.

Kilishindwa kwa namna gani?

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu kila namna ina njia yake.

*Kilitoka na ulikiona.* Hii ndiyo nyepesi. Ulikuta kwenye pedi au kitambaa kijiti cheupe cha plastiki chenye umbo la T, upana wa milimita 32 na urefu wa 36, kimezungushiwa waya wa shaba, na nyuzi mbili nyembamba mkiani. Usikitupe. Kisuuze, kifunge kwenye mfuko na uende nacho kliniki, ili mtoa huduma athibitishe kwamba ni kizima na hakuna kipande kilichobaki. Usijaribu kukirudisha mwenyewe, hata kama kimetoka dakika hiyohiyo.

*Hukuona chochote, ila nyuzi huzipati.* Hapa ndipo makosa makubwa yanapofanyika. Wengi wetu tunatumia choo cha shimo, na humo kitanzi kinaanguka bila mtu kujua. Kwa hiyo nyuzi zikipotea, wengi wanajiambia "basi, kimetoka". Huenda ni kweli. Lakini huenda nyuzi zimejikunja tu ndani ya mlango wa kizazi na kitanzi kipo salama. Huenda una mimba, na mji wa mimba unapokua umezivuta nyuzi juu. Au kitanzi kimetoboa ukuta wa mji wa mimba na kuingia tumboni, jambo linalotokea kwa takriban mmoja hadi wawili kati ya wanawake 1,000 wanaowekewa, na zaidi kwa anayenyonyesha. Wapo wanawake, katika nchi nyingi, waliowekewa cha pili kwa kudhani cha kwanza kimetoka, kisha picha ikaonyesha wanavyo viwili: kimoja mahali pake na kingine tumboni.

> SHIKA HILI
> Usikihesabu kitanzi kuwa kimetoka mpaka umekiona kwa macho yako, au picha imeonyesha hakipo mwilini.
> Ultrasaundi inatazama ndani ya mji wa mimba. Isipokiona humo, bado hakijathibitika kutoka: inahitajika eksirei ya tumbo na nyonga, kwa sababu kitanzi kimetengenezwa ili kionekane kwenye eksirei. Kipimo cha mimba kitangulie eksirei.

*Kimeshuka nusu.* Nyuzi zimekuwa ndefu kuliko mwanzo, au ukijigusa unahisi kitu kigumu kama ncha ya njiti ya kiberiti kwenye mlango wa kizazi. Pengine mumeo ndiye anayelalamika kuchomwa. Kitanzi cha namna hiyo usikitegemee tena. Tumia kondomu kuanzia leo, uende kikatolewe. Kama huna mimba wala maambukizi, unaweza kuwekewa kipya siku hiyohiyo. Hakuna haja ya "kupumzisha kizazi" miezi kadhaa.

*Umeshika mimba kikiwa ndani.* Nenda kituoni mara moja, usingoje kliniki ya wajawazito. Jambo la kwanza kutafutwa ni kama mimba imetunga nje ya mji wa mimba: kati ya kila mimba 100 zinazotokea kwa wanawake wenye kitanzi, 6 hadi 8 huwa za namna hiyo, na zinaua. Kama mimba iko mahali pake na nyuzi zinaonekana, kitanzi kitolewe mapema, ndani ya wiki 12 za mwanzo. Kukitoa kunaweza kuleta hatari ndogo ya mimba kutoka, lakini kukiacha kuna hatari kubwa zaidi: mimba kuharibika, maambukizi makali, au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Nyuzi zisipoonekana, daktari atatumia ultrasaundi na kukufuatilia kwa karibu. Mtoto hazaliwi na ulemavu kwa sababu ya kitanzi. Hofu hiyo imewatesa wanawake bure.

*Muda wake umekwisha.* Huku si kushindwa. Cha zamani hutolewa na kipya huwekwa katika kikao kimoja. Ila kwa siku 7 kabla ya miadi tumia kondomu au usikutane na mumeo, kwa sababu ikitokea kipya kimeshindikana kuwekwa siku hiyo, mbegu zilizokwishaingia bado zinaweza kutungisha mimba.

Kwa nini kilitoka?

Chukua kadi yako ya uzazi wa mpango utazame kiliwekwa lini. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuchunguza, na mara nyingi ndiyo yenyewe.

Kitanzi kinaweza kuwekwa dakika chache baada ya kondo la nyuma kutoka, au ndani ya saa 48 baada ya kujifungua. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi sita zilizoshiriki mpango wa Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Wanawake na Uzazi, FIGO, wa kueneza huduma hiyo hospitalini. Ni huduma nzuri sana kwa mama anayetoka mbali na ambaye pengine hatarudi kliniki. Gharama yake ni kwamba mji wa mimba bado ni mkubwa na unajikaza kurudi hali yake. Kikiwekwa ndani ya dakika 10 baada ya kondo kutoka, hutoka kwa takriban wanawake 10 kati ya 100. Kikiwekwa kuanzia wiki ya nne baada ya kujifungua, hutoka kwa takriban 2. Kati ya saa 48 na wiki 4, Shirika la Afya Duniani linashauri kisiwekwe, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine inayofaa.

Maana yake kwako ni hii: kama cha kwanza kiliwekwa leba na kikatoka, sababu hiyo imeshapita. Mji wa mimba umerudi katika ukubwa wake, na una haki ya kuwa na matumaini zaidi kuliko mwenzako aliyewekewa mwaka mzima baada ya kujifungua na bado kikamtoka.

Sababu nyingine za kumuuliza mtoa huduma:

- Uvimbe ndani ya mji wa mimba, hasa fibroidi zinazobonyeza nafasi ya ndani. Kama zimebadilisha umbo la nafasi hiyo, kitanzi cha aina yoyote hakifai mpaka zitibiwe.
- Hedhi nzito yenye maumivu makali. Mji wa mimba unajikaza kwa nguvu na kukisukuma kitanzi nje.
- Kitanzi hakikufikishwa juu. Hutokea, hasa kwa mtoa huduma ambaye hajaviweka vingi.
- Kuvuta nyuzi bila kujua, kwa mfano wakati wa kutoa kikombe cha hedhi. Waliotumia pedi hawahusiki hapa.

Umri mdogo nao unaongeza uwezekano, lakini huo hauna marekebisho, na haukunyimi haki ya kuwekewa tena.

Kabla ya kutoka nyumbani

1. Kama kitanzi kimetoka na mmekutana kimwili bila kinga ndani ya siku 5 zilizopita, wahi leo. Kitanzi kipya cha shaba kikiwekwa ndani ya siku hizo kinazuia mimba kwa dharura, tena kuliko kidonge chochote. Ukishindwa kufika, tafuta vidonge vya dharura, wengi wanavijua kwa jina la P2. Kadiri unavyomeza mapema ndivyo vinavyosaidia.
2. Andika tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho.
3. Tafuta kadi ya uzazi wa mpango. Tabora ni njia panda tangu misafara ya Bagamoyo na Ujiji, na leo reli za Kigoma na Mwanza zinaachana hapa. Mwanamke anawekewa kitanzi Urambo, kinamtoka akiwa Isevya, anakuja kupimwa hospitali ya Kitete. Kadi ndiyo inayomwambia nesi wa pili alichofanya wa kwanza. Kama imepotea, piga simu kwa ndugu aliyekusindikiza mkumbushane mwezi na kituo.
4. Jiulize kama una homa, uchafu wenye harufu, au maumivu ya chini ya kitovu. Maambukizi yanatibiwa kwanza, kitanzi baadaye.
5. Usinywe wala kujiweka dawa za "kusafisha kizazi" au za chango ili upate nafuu kwanza. Kwa siku chache dalili ambazo daktari alitakiwa kuziona zinafichika, na ukeni dawa hizo zinaweza kuleta maambukizi.

Ukifika kliniki

Huduma za uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali hutolewa bure. Tafuta alama ya Nyota ya Kijani. Ultrasaundi na eksirei zinaweza kuwa na malipo, kwa hiyo uliza mapema usije ukaishia njiani. Zahanati ikikosa vipimo au kituo kikikosa mzoefu wa kutafuta kitanzi kilichopotea, omba rufaa ya maandishi kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete.

Wengi wetu tukikaa mbele ya nesi tunajibu tulichoulizwa, tunainuka na kuondoka. Safari hii anza wewe:

"Shikamoo, sista. Niliwekewa lupu mwezi fulani, ikatoka mwezi fulani, nimekuja nayo hii hapa. Ningependa nyingine, lakini kwanza naomba tujue kwa nini ile ilitoka."

Kisha hakikisha mambo haya yamefanyika, kwa mpangilio huu:

1. Mimba imeondolewa shaka. Kama uko ndani ya siku 12 tangu hedhi ianze, au hujakutana na mume tangu hedhi hiyo, au unanyonyesha maziwa ya mama pekee, mtoto hajafika miezi sita na hedhi haijarudi, kwa kawaida inatosha. Vinginevyo, mkojo upimwe. Jibu likiwa na utata, tumia kondomu wiki 3 hadi 4 na urudi kupima tena.
2. Kitanzi cha kwanza kimethibitishwa kilipo, kwa macho au kwa picha.
3. Umepimwa kwa mkono na kwa spekulamu (kifaa cha kufungulia uke), na kama hedhi yako ni nzito au mji wa mimba unahisiwa mkubwa, umepigwa ultrasaundi. Kwa mwanamke ambaye hajawahi kupoteza kitanzi ultrasaundi si lazima. Kwako wewe ninaona inafaa kuipigania.
4. Mmezungumzia aina. Kitanzi chenye homoni hupunguza damu na maumivu ya hedhi, kwa hiyo kama hedhi nzito ndiyo iliyokisukuma cha shaba, hicho kinastahili kufikiriwa pale kinapopatikana. Nacho pia kinaweza kutoka, na kikiwekwa baada ya siku 7 za mwanzo wa hedhi, tumia kondomu siku 7 nyingine. Cha shaba kinakinga papo hapo.

Kama cha kwanza kilitoboa na ukafanyiwa upasuaji, usipangiwe tarehe na mtu mwingine. Aliyekutibu ndiye atakayesema umepona lini. Na kama uliwahi kupata mimba nje ya mji wa mimba, bado unaruhusiwa kutumia kitanzi.

Siku ya kuwekewa

Mwombe mtoa huduma mzoefu zaidi aliyepo. Hilo si kumdharau mwingine. Ni haki ya mwanamke ambaye lupu yake ya kwanza haikukaa. Atafungua uke kwa spekulamu, atapaka dawa ya kuua vijidudu, atashika mlango wa kizazi kwa kifaa (utahisi kubanwa), kisha ataingiza kijiti chembamba cha kupimia kina. Huo ndio wakati wa kuuliza: "Kina ni sentimita ngapi, sista?" Mara nyingi huwa kati ya 6 na 9. Mwombe aandike namba hiyo kwenye kadi, pamoja na urefu aliobakiza wa nyuzi, kwa kawaida kama sentimita 3. Ukija kupimwa baadaye, nyuzi zikionekana za sentimita 5, hakuna atakayebahatisha.

Kazi yote huchukua dakika chache. Lala kidogo kabla ya kuinuka, na usipande bodaboda ukiwa na kizunguzungu.

Miezi mitatu ya kwanza

Hatari ya maambukizi kwenye nyonga iko juu katika siku 20 za kwanza. Hatari ya kutoka iko juu katika hedhi tatu za mwanzo. Kwa hiyo:

- Tazama kila pedi au kitambaa kabla ya kutupa au kufua.
- Kwenye hedhi, ukiweza, jisaidie kwenye ndoo au beseni badala ya kwenda moja kwa moja chooni, hasa tumbo likikaza ghafla.
- Hedhi ikiisha, nawa mikono, chuchumaa, gusa nyuzi kwa kidole. Usivute.
- Rudi kliniki kati ya wiki ya 3 na ya 6, hata kama huna tatizo.
- Kwa uliyepoteza cha kwanza, napendekeza kondomu juu ya kitanzi mpaka hedhi ya tatu ipite na nyuzi zionekane. Muda huo si mrefu ukiulinganisha na mimba ambayo hamkuipanga.

> NENDA KITETE AU KITUO CHA KARIBU SASA HIVI, USIKU AU MCHANA
> ☐ Hedhi imechelewa na una maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja
> ☐ Kizunguzungu, kuzimia, au maumivu ya bega pamoja na maumivu ya tumbo
> ☐ Homa na kutetemeka pamoja na uchafu wenye harufu
> ☐ Damu inayojaza pedi mbili kwa saa moja, saa mbili mfululizo

Makosa yanayorudiwa

Kuwekewa cha pili bila kujua cha kwanza kiko wapi. Hilo nimelisema na ninalirudia. Kukaa bila kinga yoyote kati ya kitanzi na kitanzi, kwa kudhani dawa "bado iko mwilini": kitanzi cha shaba kikitoka, kinga yake imekwisha siku hiyo. Kumficha mume, kisha yeye ndiye anayegundua kwa kuchomwa. Kama nyuzi zinamsumbua, zinafupishwa. Kuamini kwamba kitanzi hupanda hadi moyoni. Hakuna njia ya kutoka mji wa mimba kwenda huko. Na kusikiliza simulizi za mama zetu waliowekewa zamani bila kukumbuka kwamba vitanzi vya kale vingi vilikuwa plastiki tupu, bila shaba, na vya maumbo mengine kabisa.

Kikitoka tena

Baada ya kutokwa mara mbili, msimamo wangu ni kutojaribu mara ya tatu, isipokuwa kama imepatikana sababu iliyo wazi na imetibiwa, na uwekaji ufanyike chini ya ultrasaundi. Zipo njia za muda mrefu ambazo hazitegemei umbo la mji wa mimba: kipandikizi cha mkononi, wengine wanakiita njiti, cha miaka 3 au 5 kutegemea aina, sindano ya miezi mitatu, na kama mmemaliza kuzaa, kufunga kizazi kwa mama au kwa baba. Njiti inaweza kuwekwa siku ileile unapogundua kitanzi kimetoka, mimba ikishaondolewa shaka. Kama hauko ndani ya siku 7 za mwanzo wa hedhi, ongeza kondomu kwa siku 7.